Mistari Myeupe

Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, wanafunzi wanne walikuwa wakipaka udongo mweupe juu ya ukuta ambao tayari ulikuwa mweupe. Waliifanya kazi hiyo kwa uangalifu wa watu wanaofunga kidonda. Mmoja alipima kwa uzi. Mwingine alichora matuta membamba ya mavi ya ng'ombe yaliyokandwa na majivu, wa tatu akajaza weupe ndani ya kila pembetatu, na wa nne, msichana aitwaye Sperancia, alisimama nyuma yao akiangalia kama yupo aliyekosea. Hakuna aliyekosea. Ni vigumu sana kukosea unapopaka nyeupe juu ya nyeupe.

Ulikuwa ukuta wa nyuma katika darasa la kidato cha nne, shule ya kata iliyo pembeni mwa Isingiro, pale ambapo barabara hukata tamaa na kuiachia migomba nafasi. Ukiingia, macho yalipokewa kwanza na sehemu ya juu: pembetatu nyeusi na nyeupe zilizoshuka kutoka kwenye kenchi zikipanuka, kubwa zikiwa na ndogo tumboni, ndogo zikiwa na ndogo zaidi, mpaka mtu akahisi anachungulia kisima. Halafu, usawa wa kifua cha mtu mzima, weusi ulikatika. Kutoka hapo kushuka palikuwa na matuta tu, mstari chini ya mstari, meupe, kama makaburi ya vitu vidogo visivyopewa majina. Alasiri jua lilipopenya dirishani kila tuta lilitupa kivuli chake, na ukuta ukaonekana kama unavuta pumzi. Wanafunzi wa kidato cha kwanza walikataa kutumwa chaki humo. Walisema marehemu Theoneste yumo, anasukuma kutoka upande wa pili. Huo upande wa pili nimeuzunguka mwenyewe mchana kweupe, na hakuna kitu ila shamba la maharage. Ila maharage yenyewe yalikuwa yameinamia ukutani yote, kama watu wanaosikiliza, na maharage ya Isingiro hayana tabia hiyo.

Aliyeuanzisha ukuta ni Mwalimu Jovitus, mwalimu wa hisabati, mzaliwa wa Ihanda. Darasa lake lilijaa kiasi kwamba mtu wa mbele akipiga chafya, wa nyuma walimwambia pole kipindi kilichofuata. Ndani ya umati huo walikuwamo watoto waliomaliza hesabu kabla yeye hajamaliza kuziandika ubaoni, kisha wakabaki wamekaa, wakitafuta dhambi ya kutenda. Sperancia alikuwa akikunja karatasi za daftari mpaka zinakataa kukunjika. Theoneste, aliyeketi naye dawati moja, yeye aliuliza, na swali lake lilikuwa moja tu. Kinachofuata ni nini, Mwalimu? Na baada ya hapo? Na baada ya hapo?

Mwalimu akawapa ukuta. Kanuni aliyowapa ilikuwa fupi, mtu angeweza kuiandika kiganjani. Juu kabisa pembetatu moja nyeusi kati ya nyeupe. Kila siku ya shule, mstari mmoja mpya. Kila pembetatu hukaa chini ya mbili, na huzitazama hizo mbili zilizo juu yake: zikifanana, yenyewe huwa nyeupe, zikitofautiana, huwa nyeusi.

"Na tukiona nyeusi ingependeza zaidi?" aliuliza Sperancia.

"Ukutani hakuna kupenda," Mwalimu alimjibu. "Kanuni haina mjomba wala shangazi. Hata mimi siruhusiwi kuweka ya kwangu."

Aliyasema hayo kwa furaha ya mtu ambaye maisha yake yote amegawiwa chakula kwa kujuana. Katika hisabati alikuwa amepata nyumba ambayo hakuna aliyeweza kumpitia mlango wa nyuma.

Rangi zilikuja kwa njia ya Theoneste. Mama yake, Laurensia, alikuwa wa ukoo uliovuka Mto Kagera kutoka Rwanda miaka ya babu zao, na wanawake wa ukoo huo walipamba kuta za nyumba zao kwa matuta ya mavi ya ng'ombe, nyeusi, nyeupe na nyekundu, tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Alikuja darasani na ndoo, akawafundisha kukanda, akawafundisha kupata weusi kwa masizi na utomvu wa mshubiri. Aliwacheka sana. "Vidole vya wasomi," alisema, "vinaogopa mavi kuliko vinavyoogopa fimbo."

Wiki zilivyopita, kikatokea ukutani kitu ambacho hakuna aliyekiagiza. Mistari iliyochorwa bila mpango wowote, kila pembetatu ikijua majirani zake wawili tu, ilianza kufanya umbo, na umbo likajirudia ndani ya umbo. Watoto wakaanza kufika shuleni kabla ya mlinzi. Walibishana njiani, walibishana kisimani. Sperancia alitabiri mstari utakaokuja mwezi ujao na kumwekea Theoneste dau la mapera, na Sperancia alikula mapera mpaka akaugua tumbo, maana hakuwahi kukosea. Hesabu za kitabuni zikawa kwao kama kumsukuma mlevi. Mwalimu Jovitus, aliyekuwa ameanza kuomba uhamisho, akaacha kuomba.

Kisha homa ilimchukua Theoneste kati ya Ijumaa na Jumapili, na Jumatatu tukamzika.

Katika kitongoji chetu, siku ya maziko mkono wa mtu haugusi udongo, ila wa wale wanaochimba kaburi. Hakuna jembe, hakuna tofali, hakuna kukandika nyumba. Shule nzima ilikuwa msibani. Jumanne wale wanne waliobaki walisimama mbele ya ukuta, na Sperancia akasema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo, "Jana ilikuwa siku ya shule. Mstari wake upo. Ila hatukufanya kazi." Wakapima kwa uzi, wakachora matuta, wakaacha mstari wote mweupe kwa ajili ya Jumatatu ile. Mwalimu alitikisa kichwa kukubali, machozi yakimlengalenga. Aliona ni heshima, na kweli ilikuwa heshima.

Halafu wakatazama juu ili wachore wa Jumanne. Nyeupe na nyeupe. Zinafanana. Wakaweka nyeupe. Jumatano wakatazama juu tena.

Mwalimu alielewa Alhamisi. Mstari mweupe huzaa mweupe, na huo huzaa mweupe, hivyo hivyo mpaka sakafuni. Heshima ya siku moja ilikuwa imeuzima ukuta mzima, na kanuni aliyoitungia sifa haikuwa na mlango wa kutokea. Watoto walikuwa wamelijua hilo kabla yake. Waliendelea kuja kabla ya mlinzi, kupima, kupaka, kuondoka.

Mwanzoni alidhani ni huzuni, na huzuni huchoka. Lakini mtihani wa majaribio ulipokuja, Sperancia alirudisha karatasi yenye jina na namba yake, na chini ya hapo weupe mtupu kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Mwalimu alimwita nje, chini ya mti wa mpodo wa shule.

"Hukuelewa maswali?"

"Niliyaelewa."

"Sasa?"

"Nilitazama swali, nikatazama lililo juu yake." Alikuwa akitazama vidole vyake vilivyopauka kwa udongo. "Niliona yanafanana tu, Mwalimu."

Baba yake, Telesfori, alikuja wiki hiyo hiyo akiwa amevaa koti la kanisani, jambo lililoonyesha kwamba ameshaamua. "Mwalimu, sikulaumu," alisema. "Lakini kama kichwa cha huyu mtoto kimekwisha, niambie mapema. Nyumbani kuna kahawa ya kuchuma. Mtihani wa taifa siwezi kumpeleka akauze sura."

"Kichwa hakijaisha, mzee."

"Kiko wapi?"

Mwalimu Jovitus aligeuka kutazama darasa. Hangeweza kumwambia kwamba kichwa cha binti yake kimeingia ukutani na kimekosa njia ya kutoka.

Alijaribu kuwashawishi waanze upya, ukuta ule mwingine, wa dirishani. Wakamsikiliza kwa adabu. "Ule Theoneste hayumo," alisema mmoja wao, na mazungumzo yakaishia hapo. Basi Jumamosi, shule ikiwa tupu, aliingia darasani peke yake, akachovya kidole kwenye masizi na kuweka pembetatu moja nyeusi katikati ya mstari wa mwisho. Moja tu. Alijua moja inatosha. Kanuni ile ile iliyoua ingefufua.

Jumatatu asubuhi pembetatu ile haikuwapo. Ilikuwa imekwanguliwa kwa kisu, ikasawazishwa, ikapakwa upya.

"Mwalimu, kuna mtu alikosea," Sperancia alimwarifu. "Tumesharekebisha." Hakukuwa na dhihaka usoni pake. "Huenda ni hawa wa kidato cha kwanza."

"Huenda," alisema Mwalimu, masizi yakiwa bado chini ya kucha zake.

Siku hiyo, vipindi vilipokwisha, alikwenda kwa Laurensia.

Kwetu, mwenye msiba ndiye anayeshika jembe wa kwanza. Akishalipiga udongoni mara moja mbele ya nyumba yake, majirani nao wako huru kwenda mashambani bila kuonekana wamesahau. Laurensia hakulishika. Jembe lake lilikuwa limetundikwa kwenye boriti tangu maziko, na kahawa yake ilikuwa ikikaukia matawini na kudondoka yenyewe. Majirani walingoja kadiri binadamu anavyoweza kungoja magugu, kisha wakashindwa. Lakini walishindwa kwa aibu: kila aliyepita mbele ya nyumba ile alilifunga jembe lake kwa majani ya mgomba na kulibeba mikononi kama mtoto mchanga. Nimemwona mzee mmoja akilibembeleza kabisa, asije akashukiwa. Laurensia aliwaona wote kutoka kibarazani. Hakumwambia mtu kwamba anajua.

"Shikamoo, Mama Theoneste," Mwalimu alisema, na neno lilipomtoka alitamani kulirudisha.

"Marahaba." Alimtazama kwa muda. "Wewe ndiye wa kwanza kuniita hivyo tangu tumzike. Wengine wamenirudishia jina la ubatizo, kama nguo niliyoazima. Kaa. Umekuja kuniambia nishike jembe?"

"Hapana. Nimekuja..." Maneno aliyoyapanga njiani yalimkimbia. "Nimekuja kuuliza habari ya mavi ya ng'ombe. Yale matuta yetu yanapasuka."

Laurensia alitoa sauti fupi ambayo zamani ingekuwa kicheko. "Wenzako wote wanakuja na uji. Wewe unakuja kuniomba mavi." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mnazidisha majivu. Na wanachora nini siku hizi?"

"Nyeupe."

"Na nini?"

"Nyeupe tu, mama. Tangu maziko."

Akamweleza yote: mstari wa Jumatatu, kanuni, karatasi tupu, koti la kanisani la Telesfori. Alieleza kama anavyoeleza ubaoni, hatua kwa hatua, maana njia nyingine hakuijua, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa mama ulivyozidi kufungika.

"Kwa hiyo mwanangu," alisema Laurensia, "ndiye anayewamaliza wenzake."

"Si yeye. Ni kanuni."

"Kanuni ni ya nani?"

Barabarani alipita mwanamke amekumbatia furushi la majani ya mgomba, mpini ukichungulia kwa nyuma. Wote wawili waligeuza nyuso wasimwone.

"Nenda nyumbani, Mwalimu," Laurensia alisema hatimaye. "Mimi siji huko. Mguu wangu hauwezi mlango ule."

Alirudi kwa miguu, baiskeli akiikokota. Njiani alijaribu kuitetea kanuni moyoni kama alivyozoea, kwamba ni safi, kwamba haionei mtu, na kwa mara ya kwanza sifa hizo zikamtisha. Alifikiri juu ya watoto wanne wanaoamka gizani kwenda kutii kitu kisichowajua. Alifikiri kwamba yeye ndiye aliyewafundisha kukipenda.

Siku chache baadaye, Mwalimu alikuwa ndio kwanza ameingia darasani, hata tarehe hajaiandika, Laurensia alipotokea mlangoni na ndoo yake. Alisimama kwenye kizingiti kwa muda mrefu hata darasa zima likasahau kusimama kumsalimu. Kisha akapita katikati ya madawati bila kumtazama yeyote, akaiweka ndoo chini, akautazama ukuta kuanzia juu.

"Mkono wake unaishia wapi?"

Sperancia alitoka kwenye dawati. "Hapa, mama. Huu ni wa Ijumaa."

Laurensia alipitisha kidole gumba juu ya tuta moja, polepole, akasimama mahali lilipojikunja kidogo. "Alikuwa anabonyeza sana," alisema. "Nilimwambia asibonyeze." Halafu akashuka kwa macho mpaka kwenye weupe. "Haya. Nieleze hiyo kanuni yenu."

"Zikifanana, nyeupe. Zikitofautiana, nyeusi."

"Na huu mweupe wa kwanza, wa maziko. Mlitazama juu mkaona zote zinafanana?"

Sperancia alisogea karibu na ukuta. Alitazama mstari wa Ijumaa, ambao ulikuwa na nyeusi tele, kisha ule ulio chini yake.

"Hapana," alisema. "Hatukutazama juu. Siku ile hatukufanya kazi."

"Kwa hiyo haukutoka kwenye kanuni."

"Haukutoka kwenye kanuni," Sperancia alirudia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejaribu ufunguo katika kufuli la nyumba yake mwenyewe. "Ulitoka kwetu."

Mwalimu Jovitus aliegemea ubao. Miezi yote ile alikuwa akitafuta ufa katika kanuni, akiigeuza huku na huku, na hakuwahi kuuliza kama mstari ule ni wa kanuni.

"Basi wa leo utatoka kwangu," alisema Laurensia. "Aliyefiwa ndiye anayeanza." Akapiga magoti, maana mistari ilikuwa imeshuka sana, akachota weusi kutoka ndani ya ndoo.

"Moja tu, mama," Sperancia alisema kwa haraka. "Ukiweka nyingi zitaingiliana."

"Najua kuweka moja. Nilikuwa na mmoja."

Hakupima. Hakutafuta katikati. Aliweka pale mkono wake ulipofikia, akasukuma weusi mpaka kwenye kona zote tatu, na wale wanne, walioikwangua ya Mwalimu wao kwa kisu, walimwachia. Mmoja wao alianza kulia kimyakimya, kamasi zikimtoka, na hakuna aliyemcheka.

"Kesho itakuwaje?" Laurensia aliuliza bila kugeuka.

"Mbili," Sperancia alijibu kabla swali halijaisha, kama zamani.

"Kesho kutwa?"

"Mbili tena, zimeachana. Katikati pengo."

"Na mtondo?"

"Nne zimeshikana. Pengo halipo."

"Linakwenda wapi?"

"Linarudi siku inayofuata, mama. Likirudi linakuwa kubwa kuliko lile la kwanza." Sperancia alikuwa amechuchumaa karibu yake sasa, akichora kwa kidole hewani, haraka haraka, maneno yakikimbizana. "Halafu linapungua, linapungua, mpaka siku moja linaziba, mstari wote mweusi. Halafu linarudi, kubwa zaidi. Linaziba tena. Linarudi tena."

Laurensia alitikisa kichwa kwa muda mrefu. "Hilo," alisema, "hata bila ukuta nalijua."

Alitazama nafasi iliyobaki kati ya kidole chake na sakafu. Haikuwa kubwa.

"Na wa mwisho kabisa? Ule wa pale chini. Utakuwa na pengo, au utakuwa mzima?"

Mwalimu alikuwa ameshapiga hesabu. Hakutaka, lakini kichwa chake kilikwenda chenyewe, mstari kwa mstari, mpaka kwenye saruji, na kikarudi na jibu lisilo na shaka. Aliona midomo ya Sperancia ikitikisika, ikisimama. Naye alikuwa amefika. Walitazamana juu ya bega la mwanamke aliyepiga magoti, mwalimu na mwanafunzi, kila mmoja ameshika jibu lile lile. Msichana alimngoja. Mwalimu hakutikisa kichwa kukubali wala kukataa.

"Bado hatujafika huko, mama," alisema Sperancia.

Laurensia hakuinuka. Weusi ulikuwa ukimkaukia kidoleni. Mwalimu Jovitus akageuka, akachukua dasta, akaanza kuufuta ubao taratibu, kona hadi kona, ingawa kipindi kile chote hakuwa ameandika kitu.